Mnara Umefika, Je, Habari Nazo?

Tarehe 8 Agosti 2022, siku ya wakulima, uwanja wa John Mwakangale mjini Mbeya ulijaa watu hadi pomoni. Siku hiyo Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa ruzuku ya mbolea. Maradhi ya Uviko, na baada yake vita vya Ukraine, vilikuwa vimepandisha bei za mbolea duniani hata mfuko mmoja wa kilo 50 wa DAP au wa urea ukapita shilingi 120,000. Kwa mpango ule mpya mkulima angeupata kwa shilingi 70,000. Ndugu msomaji ajuaye udongo wa Umalila, wa Rungwe, wa Kilolo na wa Mufindi hana haja ya kuelezwa uzito wa habari ile. Kwa maana katika nchi hizo za juu, mahindi yaliyokosa mbolea huwa ya manjano kabla hayajafika magotini.

Lakini fedha peke yake hazikutosha. Mkulima alipaswa kwanza kuandikishwa kijijini kwake: jina lake, ekari zake, mazao yake, na namba yake ya simu. Kisha alipaswa kupata namba ya ruzuku, nayo huja kwa ujumbe wa simu. Akiisha kuipata, ndipo aende kwa wakala. Na wakala naye aiingize namba ile kwa simu yake katika mtambo wa Serikali, mtambo uikubali, ndipo mfuko utoke ghalani. Kila hatua ya safari hiyo yataka mtandao. Pale mtandao ulipokosekana, mbolea ilikaa ghalani, mkulima akakaa nje, na mvua ikaanza kunyesha.

Msimu ule nilikuwa katika kijiji kimoja cha Kilolo, ambacho sina sababu ya kukitaja jina. Asubuhi moja niliona watu wapatao ishirini wamesimama juu ya kilima kilicho nyuma ya shule, kila mmoja ameinua simu yake juu. Nikawaamkia, "Kamwene," nao wakaitikia. Mzee mmoja akanieleza ya kuwa hapo ndipo mahali pekee kijijini ambapo mnara hupatikana, na kwamba alikuwa akiungoja ujumbe wake wa ruzuku kwa juma la pili. Simu aliyoishika haikuwa yake. Ilikuwa ya kijana wa jirani, maana ya kwake ilikuwa imekwisha moto na iko dukani ikichajiwa kwa malipo. Nikamwuliza, "Mzee wangu, umekwenda ofisini kuuliza kama jina lako limo?" Akanijibu kwa upole, "Mwanangu, nimekwenda mara tatu. Mara zote tatu nimelikuta kufuli."

Nimeanza na mzee huyo kwa sababu katika mikutano yetu, jambo la kuwafikishia wananchi habari na vyombo vya kisasa husemwa kwa hesabu ya vyombo: minara mingapi, kompyuta ngapi, kilomita ngapi za waya. Hesabu hizo ni za lazima, na nitazitaja. Walakini mzee yule alikuwa na simu mkononi, alikuwa na mnara mbele ya macho yake, alikuwa na haki yake katika mpango wa Serikali. Alichokosa ni habari ya neno moja tu, ndiyo au siyo, jina limo au halimo.

Tutoe haki kwa mwenye haki. Nchi hii imetoka mbali. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mtu wa Iringa aliyetaka kusema na nduguye aliye Dar es Salaam alikwenda posta, akajiandikisha, akaketi ubaoni akingoja zamu yake ya chumba cha simu. Na mara nyingi alipoitwa hatimaye, upande wa pili hapakuwa na mtu wa kuitikia. Lile Shirika la zamani la Posta na Simu liligawanywa mwaka 1994. Simu za mkononi zikaingia katika miaka hiyo hiyo, zikaanzia mijini kama vitu vyote vya fahari, kisha zikafuata barabara kuu: Iringa, Mafinga, Makambako, Mbeya, Tunduma. Aliyekaa mwendo wa saa tatu kwa miguu toka barabarani aliendelea kuandika barua na kumpa kondakta wa basi.

Makampuni huenda waliko wateja wenye fedha. Si dhambi, ndiyo biashara. Kwa hiyo mwaka 2006 Bunge lilitunga sheria ya kuanzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ambao makampuni hulipa humo sehemu ya mapato yao, na fedha hizo husaidia kujenga minara mahali ambapo kampuni peke yake isingetia mguu. Mnamo Oktoba 2015 kampuni ya Halotel, yenye asili ya Vietnam, ilifungua kazi zake nchini kwa kujigamba kuwa itakwenda vijijini, na kwa kweli ilikwenda. Wako wenyeji wa Ileje na Makete ambao laini yao ya kwanza maishani ilikuwa ya kampuni hiyo. Na tarehe 13 Mei 2023 mikataba ilitiwa saini mjini Dodoma ya kujenga minara 758 katika kata 713 za nchi nzima. Hiyo si kazi ndogo.

Lakini msomaji wa pwani aelewe taabu ya nchi hizi. Mawimbi ya simu huenda mbele kama mwanga wa kurunzi; hayapindi mlima. Katika uwanda wa Pawaga, au katika mbuga za Usangu, mnara mmoja huweza kuonekana kutoka vijiji vingi. Katika milima ya Udzungwa iliyo Kilolo, katika Uporoto, katika safu ya Kipengere na ile ya Livingstone inayoteremka hadi Ziwa Nyasa, mnara uliosimikwa juu ya mgongo mmoja wa mlima huangaza bonde la huku na kuliacha la kule gizani. Watu wa mabonde mawili hayo huweza kuitana kwa sauti ya kinywa wakasikilizana, wasiweze kupigiana simu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 2.3 katika mkoa wa Mbeya, na karibu milioni 1.2 katika mkoa wa Iringa. Na hayo ni baada ya Njombe kutengwa na Iringa mwaka 2012, na Songwe kutengwa na Mbeya mwaka 2016. Wengi wao hukaa mabondeni na miteremkoni, kwa sababu ndiko kuliko na maji na udongo.

Tena kuna ule Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, yaani nyaya nyembamba za kioo zipitishazo habari kwa mwanga, ulioanza kujengwa mwaka 2009, mwaka ule ule ambao mkongo wa bahari wa SEACOM ulifika Dar es Salaam. Mkongo huo umepita Iringa, umepita Mbeya, ukaenda kuungana na Zambia upande wa Tunduma na Malawi upande wa Kasumulu. Wakulima wa mpunga wa Mbarali watanielewa nikisema hivi: ni mfereji mkuu uliochimbwa vizuri, umejaa maji, nao wapita pembeni mwa majaruba, lakini vile vijito vya kuingiza maji shambani havijachimbwa, au vimechimbwa kwa mwenye fedha tu. Benki iliyo kando ya barabara imeunganishwa. Shule ya kata iliyo upande wa pili wa barabara hiyo hiyo huchapisha mitihani yake mjini.

Juu ya umeme sitasema mengi, kwa maana habari zake zajulikana. Wakala wa Nishati Vijijini ulianza kazi mwaka 2007, na nguzo zimefika mahali pengi. Nitaje tu mfano wa Mufindi, ambako tangu mwaka 2012 mtambo mdogo wa maji wa mto Mwenga, wenye nguvu ya megawati 4, umekuwa ukipeleka umeme katika vijiji vya jirani. Pale mtu hachaji simu dukani kwa malipo. Jambo dogo hilo, lakini mkulima anayeweza kuwasha simu yake wakati wowote ni mtu mwingine kabisa na yule anayeiwasha mara moja kwa juma.

Sasa turudi nyuma kidogo, maana kuna jambo ambalo tulilijua zamani, nasi tumelisahau.

Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wakati huo redio ndiyo iliyokuwa chombo kipya cha ajabu, kama simu ilivyo leo; nayo pia haikuwa katika kila nyumba, betri zake zilikuwa ghali, na milima yetu iliisumbua. Ikiwa hesabu ingekuwa ya vyombo peke yake, Tanzania isingefanya neno. Lakini mwaka 1973 ilifanyika kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya, ambayo hata leo wataalamu wa nchi za nje huisoma na kuistaajabia. Kwa majuma 12 vikundi vya watu vilikutana kote nchini, katika madarasa, katika majengo ya makanisa na misikiti, katika vyumba vya mikutano. Kila kikundi kilikuwa na redio moja, kitabu, na msimamizi aliyefundishwa kazi yake. Watu walisikiliza kipindi, wakasomewa sura ya kitabu iliyohusika, wakajadiliana, kisha wakaamua la kufanya katika kijiji chao kabla ya mkutano ujao. Mambo yaliyofundishwa yalikuwa malaria, kichocho, kuhara damu, safura na kifua kikuu. Walioshiriki walikadiriwa kufika milioni mbili. Vyoo vilichimbwa kwa wingi ambao haukuwahi kuonekana, na majani yalifyekwa kandokando ya nyumba.

Nimepata kuzungumza na mzee wa Mufindi aliyekuwa msimamizi wa kikundi kimojawapo. Alicheka aliponisimulia ya kuwa siku nyingine redio ilikoroma tangu mwanzo hata mwisho, wasisikie ila neno moja moja. Basi alifunga redio, akafungua kitabu, akawasomea. Ubishi ulikuwa juu ya vyoo. Watu wa mteremkoni walisema choo cha jirani wa juu kitaingia katika kisima cha jirani wa chini, na kitabu hakikusema neno juu ya milima. Wakabishana jioni mbili, mwisho wakakubaliana kuhamisha kisima kimoja na vyoo viwili. Mzee aliniambia: "Redio haikujua habari ya kisima chetu. Sisi tulijua."

Hapo ndipo penye siri ya kazi ile. Habari ilitoka Dar es Salaam, lakini ilimkuta kijijini mtu aliyewekwa kwa kusudi hilo, ambaye aliweza kuulizwa na kujibu, na ambaye asipojua aliweza kusema sijui, nitauliza. Chombo kilikuwa kimoja kwa watu wengi, nacho kikatosha. Katika miaka hiyo hiyo vita juu ya ujinga wa kutojua kusoma ilipiganwa kwa njia hiyo hiyo: mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa kama thuluthi mbili, na hesabu za Serikali za mwaka 1986 zikasema wamebaki chini ya mmoja katika kumi. Baadaye tulilegea, fedha zikapungua, madarasa ya watu wazima yakafungwa moja baada ya jingine, na ujinga ukarudi taratibu kama magugu.

(Tusijisifu kupita kiasi, hata hivyo. Wakati tulipokuwa mahodari wa redio, kompyuta tuliiogopa. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na amri hiyo haikulegezwa mpaka miaka ya 1980. Na Tanzania Bara haikuwa na televisheni yake hadi mwaka 1994, wakati Zanzibar ilikuwa nayo tangu 1973. Sababu za kubana fedha za kigeni zilikuwako, na wengine walihofia mashine zitawanyang'anya watu kazi. Lakini miaka ile tuliyoipoteza, vijana wetu ndio walioilipa.)

Vivyo hivyo na vitabu. Sheria ya maktaba za umma ilitungwa mwaka 1963, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu alifungua Maktaba Kuu ya Taifa mjini Dar es Salaam. Kutoka hapo huduma zilitawanyika mikoani, Iringa na Mbeya zikiwamo, na kwa watu wa vijijini kulikuwa na magari ya vitabu na utaratibu wa kuazima kwa njia ya posta. Magari yale yalisimama taabu ya uchumi ilipotukaba. Maktaba za mkoa zimebaki, nazo nasema kwa furaha kwamba hazikai tupu. Pita wakati wa mitihani uone wanafunzi walivyobanana. Lakini maktaba ya mkoa ni kwa mtu wa mjini. Mtoto wa Matema au wa Ruaha Mbuyuni hawezi kupanda basi kwenda kusoma kitabu akarudi jioni.

Mimi nilisoma katika shule ya misheni, na shule yetu ilikuwa na kabati la vitabu. Lilikuwa kabati zuri, la mninga, lenye milango ya vioo, na ndani yake tuliona migongo ya vitabu vya kila rangi. Ufunguo wake alikuwa nao mwalimu mmoja, naye aliutunza kwa uaminifu mkubwa hata katika miaka yangu minne sikuona kabati lile likifunguliwa zaidi ya mara mbili, na zote mbili walikuja wageni. Hakuwa mtu mbaya. Aliamini kweli kwamba vitabu vikisomwa vitachakaa, na kwamba vikichakaa ataulizwa yeye. Hakuna aliyepata kumwuliza kwa nini havijachakaa.

Mambo hayo ya kale nimeyasimulia kwa sababu nimelikuta kabati lile tena, mwaka huu, katika nchi hizi hizi, isipokuwa sasa ni chumba. Ndani yake mna kompyuta kumi na mbili zilizofunikwa kwa vitambaa vyeupe. Mlango una nondo, kwa kuogopa wezi. Hofu hiyo ina haki yake. Mwalimu aliyefundishwa kuzitumia amehamishwa. Wanafunzi huingia siku mkaguzi anapokuja. Wazazi wao, ambao wana haja kubwa ya kujua bei za mazao na masharti ya mikopo, na jinsi ya kuandikia barua halmashauri, hawajui hata kwamba chumba kile kipo. Mfuko wa Mawasiliano umegawa kompyuta katika shule za Serikali na kuwafundisha walimu, nalo ni jambo la kushukuriwa. Lakini afadhali kompyuta moja iliyochakaa kwa vidole vya watu kuliko kumi na mbili zilizofunikwa vitambaa.

Wako watakaosema: mkulima wa viazi ana haja gani na mambo hayo? Jibu langu ni lumbesa.

Msomaji wa mjini huenda halijui neno hilo ila kwa kulisikia. Mnunuzi huja shambani, Umalila au juu ya Uyole au upande wa Njombe, na magunia yake. Gunia likijaa halishonwi. Huongezewa juu yake kilemba cha viazi, kikafungwa kwa wavu wa kamba, hata gunia likasimama kama mtu aliyevaa kofia. Bei ni ya gunia moja. Uzito wake wapita kilo 100 kwa mbali, na kilo hizo za juu mkulima hutoa bure. Sheria ya vipimo yakataza jambo hilo, na Wakala wa Vipimo upo kwa kazi hiyo. Lakini mkulima asiyejua kwamba kuna sheria, asiyejua bei ya viazi asubuhi hiyo katika masoko ya Dar es Salaam, asiyejua namba ya kumpigia mtu wa vipimo, atasimama na nani? Mnunuzi anazo habari hizo zote mfukoni. Wawili hao wanapopatana bei, si kweli kwamba wanapatana. Mmoja anaona na mwingine amefumbwa macho. Simu yenye bei ya soko ndani yake, mkononi mwa mke wa mkulima (maana mara nyingi ndiye aliyelima viazi hivyo, na mara nyingi simu ya nyumba iko kwa mume), ingeokoa fedha nyingi kwa msimu mmoja.

Lakini habari hizo sharti ziwe katika lugha yake. Nimeshika mkononi karatasi ya dawa ya kuua ukungu wa viazi, iliyouzwa katika duka la pembejeo, na maelezo yake yote yalikuwa kwa Kiingereza: kiasi cha kuchanganya, siku za kungoja kabla ya kula mazao, na onyo la sumu. Muuzaji alinieleza kwa mdomo, naye alikosea. Nilisoma mwenyewe nikaona. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Kama hakimu ameamriwa kusema na mwananchi kwa lugha aijuayo, muuza sumu naye hana udhuru.

Na vyombo vipya visigeuzwe kuwa mlango wa kuwafungia watu nje. Tarehe 20 Januari 2020 laini za simu ambazo hazikuandikishwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa. Kusudi lake lilikuwa jema, kuzuia utapeli. Lakini ilihitajika namba ya kitambulisho cha Taifa, na vijijini wengi walikuwa hawajakipata. Tena walikuwako wazee waliosimama mbele ya mashine, wakaweka kidole, mashine ikakataa, kwa kuwa alama za vidole vyao zilikuwa zimefutika kwa miaka hamsini ya mpini wa jembe. Sijui tusi kubwa kuliko hilo kwa mtu aliyelisha nchi. Hakuna aliyelikusudia, nami sisemi kwamba lilikusudiwa. Nasema kwamba atengenezaye mpango mezani mjini yampasa kwanza aende kilimani nyuma ya shule, asimame na watu, ainue simu yake.

Sheria hatukukosa. Ibara ya 18 ya Katiba yampa kila mtu haki ya kutafuta na kupokea habari. Mwaka 2016 Bunge lilitunga Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, ambayo yamruhusu mwananchi kuiandikia ofisi ya umma akiomba taarifa iliyo nayo, nayo ofisi yapaswa kumjibu kabla ya siku 30 kupita, na ikimnyima imweleze sababu. Nimewauliza watu wengi, Iringa mjini na Mbeya mjini, wakiwamo wenye elimu, kama wamepata kuitumia sheria hiyo. Wengi hawakujua kwamba ipo. Basi sheria ya kumpa mtu habari imekuwa yenyewe ni habari asiyoipata! Na kijijini kuna chombo cha zamani zaidi, nacho ni mkutano mkuu wa kijiji, ambao sheria yataka ufanyike kila baada ya miezi mitatu, na humo ndimo mapato na matumizi husomwa mbele ya watu. Mahali ambapo mkutano huo hufanyika kweli, niliona wananchi wanaojua hata bei ya msumari mmoja uliotumika katika paa la zahanati. Mahali ambapo haufanyiki, hata mnara wa dhahabu hautawasaidia.

Nini basi kifanyike? Sitatoa orodha ndefu. La kwanza katika fikira zangu ni mtu. Kila kata ina bwana shamba au inastahili kuwa naye, ina walimu, ina vijana waliomaliza kidato cha nne na cha sita wanaoshinda kijiweni na simu zao, wakijua kuzitumia kuliko sisi sote. Pale Mbeya kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, Iringa kuna vyuo vikuu vinavyofundisha walimu na wanasheria. Wanafunzi wao huenda mazoezini kila mwaka. Haiwezekani kwamba katika watu wote hao asipatikane mmoja kwa kila kata, akalipwa posho ya haki, akakaa katika chumba kinachojulikana, siku zinazojulikana, kazi yake ikiwa ni kumsomea asiyejua kusoma, kumtafutia asiyejua kutafuta, na kumwandikia barua ya siku 30 yule aliyenyimwa jibu. Chumba kipo tayari. Ni kile chenye nondo. Kifunguliwe jioni wanafunzi wakiisha kutoka, na mzazi aingie. Mlinzi atalipwa kwa gharama ndogo kuliko thamani ya kompyuta zinazooza bila kutumika.

La pili ni redio. Iringa na Mbeya kwa sasa zina vituo kadhaa vya redio vyenye kusikika mbali, na vijana hupenda muziki wake. Hakuna ubaya. Lakini nusu saa kwa siku ya bei za mazao, ya ratiba ya mbolea na ya maswali ya wasikilizaji yakijibiwa na mtu ajuaye, ingewafikia wale ambao mnara hautawafikia kwa miaka kadhaa ijayo. Na kikundi cha kusikiliza pamoja chaweza kuundwa leo kama kilivyoundwa mwaka 1973, bila kungoja msaada wa nchi yoyote.

Na kwa habari ya mbolea, jambo lenyewe ni jepesi hata naona haya kuliandika gazetini. Majina ya wakulima walioandikishwa yapo katika mtambo wa Serikali. Yaweza kuchapwa katika karatasi. Nyanda hizi hupanda mahindi mara mvua za Novemba na Desemba zinaposhika. Karatasi hiyo na ibandikwe kabla ya Novemba katika kila kijiji, ikiwa na jina la wakala aliye karibu na bei ya kila mfuko. Tena ibandikwe upande wa nje wa ukuta wa ofisi, ili hata siku ya kufuli isomeke.